Weusi wa Mfupa

Fundi Darwish, Mungu amrehemu, alichora sura za watu wa Mansoura kwa miaka arubaini na rangi nne tu, na aliyethubutu kumletea ya tano alifukuzwa dukani yeye na kifurushi chake. Nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu, na nyeusi aliyoichoma mwenyewe kwa mifupa ya ng'ombe. Basi. Bluu hakutaka hata kuisikia. "Uso wa mtu hauna bluu," alikuwa akisema. "Una nyeusi iliyotiwa nyeupe, ikakaa karibu na nyekundu, ikakudanganya." Na kweli ilidanganya. Watu wazima na akili zao walisimama mbele ya picha zake wakaapa kuwa mishipa ya mkono ni ya bluu na kivuli cha ndevu ni cha kijani, na mzee akawacheka mpaka machozi.

Alipokufa, duka lilibaki kwa binti yake Tafida, pamoja na brashi, pamoja na rangi nne, pamoja na ule ukali. Mwaka huu ninaousimulia, vita vya Yemen vikiwa vimepamba moto, Tafida alikuwa mwanamke wa miaka arubaini na miwili, mnene kidogo, mwenye vidole visivyosafika na ulimi usio na breki. Mumewe Abdelghani alikuwa mwalimu wa hesabu. Walikuwa na binti wawili, Safaa na mdogo wake.

Wateja wake wengi walikuwa maiti. Nasema kama ilivyokuwa. Aliye hai huenda studio akapigwa picha kwa dakika moja akaondoka na soda yake. Picha ya mafuta watu waliiagiza kwa ajili ya baba, babu, kijana aliyezama mtoni. Walileta kitambulisho chenye picha ndogo kama ukucha, na Tafida akaitoa sura humo akaikuza hadi ukubwa wa dirisha. Mwisho kabisa, uso ukishatimia, alichora utepe mweusi ukikata pembe ya juu mshazari, kwa sababu mji mzima ulijua kusoma utepe. Sebuleni kwa watu, picha isiyo na utepe ni ya mtu aliye safarini au aliye kazini. Yenye utepe, sema Mungu amrehemu kabla hujaketi.

Na utepe ulikuwa na sheria zake. Haupigwi mpaka uso ukauke. Ukishapigwa, fundi anaupima kwa dole gumba kila asubuhi, na picha haitoki dukani mpaka dole litoke safi. Weusi wa mfupa hukawia kukauka, hilo kila fundi analijua. Siku saba, siku kumi wakati wa baridi. Fundi Darwish alipima kwa dole la kulia, lile lililopasuliwa na msumeno wa fremu ujanani likabaki na kovu lililoligawa nusu mbili. Tafida alipima kwa la kwake.

Ukutani dukani, ikitazama mlango, ilikuwepo picha moja tu ambayo haikuwa ya kuuzwa. Kijana wa miaka ishirini na saba, kola wazi, mdomo kama anataka kusema neno. Utepe pembeni. Juu yake kioo, na ndiyo picha pekee yenye kioo duka zima.

Haji Metwali mwenye kinu cha mpunga alipoingia, hiyo ndiyo aliyoinyooshea fimbo.

"Nataka kama yule. Yule kama anataka kusema."

"Alikuwa msemaji kweli," alisema Tafida bila kuinua macho. "Karibu, Haji. Karibu, mama."

Nyuma ya Haji aliingia mkewe, Mama Refaat, mwanamke mrefu mkavu, nguo nyeusi mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Hakuketi. Alisimama chini ya picha yenye kioo.

"Ni nani wako?" aliuliza.

"Mume wangu wa kwanza. Saber. Alikwenda vita vya Palestina."

"Maiti yake mliiona?"

"Hapana, mama. Hawakuiona. Tulingoja miaka minne, kisha kadhi akahukumu kuwa amekufa."

"Hata wangu hawakuiona," alisema Mama Refaat.

"Mwanamke!" Haji alitoa barua mfukoni, yenye mhuri, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka inataka kukatika. "Refaat wetu amekufa shahidi huko milimani Yemen. Imeandikwa. Nataka picha iwe tayari siku ya arubaini, watu wakija kumsomea Kurani waikute ukutani. Na utepe wake."

"Bila utepe," alisema mkewe.

"Na utepe! Usiniaibishe mbele ya fundi."

Tafida alikuwa amewaona wengi kama hawa. Alijua kwamba anayelia kwa sauti atapona, na anayesimama hivi, mikono pembeni, macho makavu, huyo ndiye wa kuogopwa. Alichukua kitambulisho cha kijana, akakiweka mfukoni mwa aproni, akamwambia Haji aende kwa amani, picha itakuwa tayari. Kisha akamwambia mama arudi kesho asubuhi, peke yake.

Maana rangi ya ngozi haiko kwenye kitambulisho. Iko kwa jamaa. Tafida alimketisha Mama Refaat karibu na dirisha, akamwambia apandishe mkono wa nguo, akautazama mkono ule kwa muda kama mtu anayechagua samaki. Akachota manjano, akachota nyekundu kidogo kuliko tone, akatia nyeupe.

"Alikuwa hivi?"

"Mweupe zaidi shingoni. Usoni jua lilimchoma."

"Masikio?"

Mama Refaat alicheka kwa mara ya kwanza. "Makubwa, mwanangu! Wenzake walimwita Sufuria. Jua likipita nyuma yake, yanakuwa mekundu kama komamanga."

Kwa hiyo Tafida akayafanya mekundu. Kwanza alikuwa ameupiga uso wote kwa nyeusi na nyeupe tupu, kama mtu anayetazamwa katika ukungu. Juu ya ukungu huo aliweka nyama kidogo kidogo: manjano penye paji, nyekundu penye pua na masikio, na kidevuni nyeusi na manjano ambazo zikikutana hutoa kijani cha mtu aliyenyoa asubuhi. Macho aliyaacha kwa siku ya nne. Macho ya Refaat yalikuwa ya kijivu, kama ya mama yake. Nyeusi na nyeupe, hakuna zaidi. Lakini alipoyaweka kati ya zile kope zenye wekundu, yalitoka bluu, bluu ya wazi kabisa, na Mama Refaat akainuka kitini.

"Umepata wapi rangi hiyo?"

"Haipo, mama. Tazama kibao changu cha rangi. Haipo."

"Basi nani anayenitazama?"

Tafida alikishika kibao, akazihesabu rangi zake: nne.

Mama alizoea kuja kila siku. Alileta kitunguu, mkate na jibini la chumvi, wakala pamoja, akasema habari za nyumbani. Karima, mke wa Refaat, yumo edani. Watu wa kwao wameshaanza kunong'ona. Kuna binamu, mfanyabiashara wa vitambaa, anangoja tu siku za eda zitimie.

"Ni msichana mdogo, simlaumu," alisema Mama Refaat. "Lakini mwanangu akirudi? Aingie, amkute mkewe kwa mtu? Wewe niambie, Bi Tafida. Mtu anaingiaje nyumba kama hiyo? Anabisha hodi?"

Tafida alikuwa akisugua brashi kwa tapentaini. Alisugua safi, akasugua tena. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na swali la mama yule halikuwa na ubaya wowote ndani yake. Hakujua anayemwuliza ni nani. Ukutani, nyuma ya kioo, Saber alikuwa anataka kusema neno.

"Subira, mama," alisema Tafida.

Sasa kuna kazi moja ya mwisho kabla ya utepe. Fundi Darwish aliiita kuzima moto. Uso wa marehemu haufai kuwaka. Kwa hiyo unachukua weusi kidogo sana, unagusa midomo, unagusa masikio, ile nyekundu inatulia, na watu wa nyumbani wanaweza kukaa na picha bila kutetemeka. Tafida aliuzima moto wa Refaat siku ya kumi na mbili. Asubuhi iliyofuata masikio yalikuwa mekundu vilevile. Akadhani alisahau. Akauzima tena. Siku ya tatu aliyakuta yamewaka, akatukana kwa sauti, akalaumu nyekundu, akamlaumu aliyemwuzia nyekundu, na baba wa huyo aliyemwuzia, akayaacha.

Uso ulikauka upesi ajabu. Utepe aliupiga siku ya kumi na sita, Mama Refaat hayupo. Aliupiga kwa weusi wa chungu kilekile alichokitumia kwa wengine wote, mkono mmoja, bila kusita.

Siku saba baadaye alipima. Dole lilitoka jeusi.

Siku kumi, jeusi. Inatokea, alijiambia, ni unyevu wa mto. Akaitoa picha mlangoni ipigwe na jua. Nzi alitua kwenye utepe akazama miguu yote sita, na kesho yake alikuwa bado anaichezesha. Tafida akaufuta utepe wote kwa kitambaa, akachoma mifupa mipya, akasaga, akatia dawa ya kukaushia kiasi cha kukausha mlango wa mbao, akaupiga upya. Pembeni, kwenye kipande cha turubai, alipiga mstari kwa rangi hiyohiyo ili kujaribu. Siku ya nne mstari ulikuwa mgumu kama ukucha. Utepe ulikuwa kama umepigwa sasa hivi.

Na kitu kingine, ambacho hakumwambia mtu. Utepe ulikuwa na joto. Duka lilikuwa baridi, picha yote baridi, na weusi ule ulikuwa na uvuguvugu kama ndani ya kiganja cha mtu.

Abdelghani alikuja saa saba na nusu, kama kila siku baada ya shule, na chakula ndani ya vyombo vilivyofungwa kwa kitambaa. Mlangoni aliinua mkono kwa picha ya Saber. "Salaam alaikum, mwenzangu!" Alikuwa na mazoea hayo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Alisema mtu hawezi kuingia dukani kwa mkewe bila kumsalimu mkubwa wake. Kisha akamtazama Tafida vidole.

"Ebo, Mama Safaa! Bado tu kijana wa Haji?"

"Bado."

"Basi yu hai." Alikuwa anafungua vyombo, anacheka. "Si ndiyo ngano ya mzee Darwish, ile ya Ramadhani? Baharia wa Dumyat, familia wakamwekea utepe, utepe haukukauka mwaka mzima, na siku ya siku bwana mwenyewe akaingia na samaki mkononi akauliza nani kafa. Utepe wa aliye hai haukauki! Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai."

"Ngano tu ile."

"Nani kasema si ngano? Njoo ule, bamia linapoa."

Tafida alikula. Lakini Asha, mama yake mzazi, hakuwahi kuicheka ngano ile. Tafida alikumbuka sasa, tonge likiwa mkononi, jinsi mama yake alivyokuwa akinyanyuka na kwenda jikoni kila mzee alipoianza.

Siku ya thelathini na nane Haji Metwali alikuja na mkewe kuchukua picha. Ilikuwa mchana kweupe, barabara ikiwa imetulia, wauzaji wamelala nyuma ya meza zao. Tafida alikuwa ameigeuza picha ielekee ukutani. Aliigeuza tena.

Haji alisimama. Ubabe wote ulimtoka. Akakaa juu ya kreti la chupa, mzee wa watu, akamwita mwanawe jina la utotoni. "Sufuria," alisema. "Sufuria yangu."

Mama Refaat hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye utepe, akaweka vidole vitatu juu yake, akaviburuta. Chini yake ukaonekana ukuta wa manjano uliochorwa nyuma ya kichwa cha kijana, safi, haujawahi kuwa na kitu. Akavitazama vidole vyake. Akavipeleka shavuni.

"Una joto," alisema. "Haji, njoo uguse! Una joto!"

"Rangi mbichi, mwanamke! Umeiharibu!" Haji aliinuka, uso umeloa. "Bi Tafida, hii si kazi. Keshokutwa nyumba imejaa watu. Utepe mbichi?"

"Weusi wa mfupa hukawia, Haji."

"Basi tia kioo!" Alinyoosha fimbo ukutani. "Kama ulivyomtilia yule. Tia kioo juu, hakuna atakayegusa, hakuna atakayejua kama umekauka au haujakauka. Yaishe. Msichana aolewe, na sisi tulie mtoto wetu kama watu."

Tafida aliugeukia ukuta. Kama ulivyomtilia yule. Lakini yeye hakumtilia Saber kioo. Yeye aliuchora uso ule, mwaka wa hamsini na mbili, wiki ya hukumu ya kadhi, akilia ndani ya rangi mpaka rangi ikakataa kushika. Utepe hakuuweza. Baba yake ndiye aliyeushika mkono wake akauondoa, akasema, "Nenda kapumzike, mwanangu, huu nitaupiga mimi." Na baba yake, ambaye maisha yake yote alisema picha ya mafuta ni kama mtu, inataka pumzi, ukiifunika umeiua, baba yake huyohuyo ndiye aliyekileta kioo Jumanne, eda ya Tafida ilipokwisha. Alisema ni kwa sababu ya nzi. Alhamisi ya wiki hiyo Tafida aliolewa na Abdelghani.

"Bi Tafida." Mama Refaat alikuwa ameshika mkono wake, na weusi ukawapata wote wawili. "Sitaki uongo. Umechora maiti wangapi? Umewahi kuona utepe kama huu?"

"Hukawia, mama. Wakati mwingine."

"Na ule? Wa mumeo. Ulikauka?"

"Ulikauka."

"Uliugusa?"

Nje punda wa mtu alikuwa akitikisa kengele. Haji alikuwa akifuta macho kwa ncha ya shali. Tafida alifungua mdomo, na kilichotoka ni kilekile, cha haraka, kama mtoto aliyekamatwa.

"Ulikauka, mama. Rudini kesho. Nitakitafuta kioo."

Walipoondoka alifunga nusu ya mlango. Akapanda juu ya kiti. Miaka kumi na mitatu alikuwa akipangusa kioo kile kila Ijumaa, na kitambaa hakikuwahi kupita ndani. Aliishusha picha ya Saber, akailaza mezani, akaanza kukunjua kimoja kimoja vimisumari vilivyokishika kioo. Baba alikuwa ametia kumi na viwili. Vinne vingetosha.

Kioo kilipotoka, harufu ilimpiga usoni. Mafuta mabichi ya kitani, harufu ya duka asubuhi, harufu ya kazi iliyoachwa dakika tano fundi akaenda kunywa chai.

Alikwaruza shavu la Saber kwa ukucha. Gumu kama sahani. Alikwaruza kola, paji, ukuta wa nyuma. Vyote vikavu. Alijaribu kujiambia maneno ya kifundi, kwamba kioo huzuia hewa na mafuta bila hewa hayakauki. Lakini kioo kilikuwa kimoja na uso ulikuwa mkavu.

Kisha akatazama utepe, alikokuwa akiogopa kutazama. Katikati yake ulikuwepo mchoro wa dole gumba, mkubwa, wa mtu mzima, mistari yake yote wazi, na katikati ya mistari kovu limeligawa nusu mbili.

Baba yake alipima. Dole likatoka jeusi, akajua, akanyamaza. Akaenda kununua kioo.

"Baba," alisema Tafida. "Baba, ulinifanya nini?"

Alikuwa na hasira, hasira ya kumfukua mtu kaburini. Alimwona mzee kama alivyokuwa wiki ile, akila kidogo, akimwambia Abdelghani mara kwa mara, "Wewe ni mtu mwema, ni mtu mwema," mpaka kijana wa watu akaona haya. Asiyekuwepo na lake halipo. Mzee aliamua hivyo kwa niaba ya binti yake, akapigilia misumari.

Tafida aliweka kidole kando ya dole la baba yake. Weusi ulikuwa na joto. Joto lenyewe, la mtu, la shingo ya mtu aliyelala ubavuni mwako. Saber angekuwa na miaka arubaini na minne. Mahali fulani, chini ya jua hilihili la mchana, pengine gerezani, pengine kwenye nyumba yenye watoto, alikuwa ameketi au amesimama, ana vidole kumi, ana njaa. Na kabla ya hofu, kabla ya Safaa na mdogo wake, kabla ya jina lake yeye mwenyewe mjini, Tafida alifurahi. Hilo ndilo lililomtisha. Akaziba mdomo kwa mkono, na mkono ukaacha weusi mdomoni.

"Mama Safaa! Mbona mlango nusu? Leo kuna mboga ya mulukhiya na sungura, ukila unakufa unafufuka!"

Abdelghani aliingia na vyombo vyake. Aliinua mkono ukutani. "Salaam alaikum, mwen..." Ukuta ulikuwa mtupu, na msumari wake. Akageuka, akaiona picha mezani.

"Ahaa. Umemshusha mkubwa kumwogesha?" Akaweka vyombo. Akatoa leso, kama alivyoitoa kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na mitatu, akaushika mkono wa mkewe akaanza kufuta kidole. "Na mdomoni pia! Ndiyo nini, umeanza kuila? Huu ni wa kijana wa Haji?"

Tafida alimtazama. Mvi za juu ya masikio. Chaki kwenye mkono wa koti. Mtu mwema, ni mtu mwema.

Angeweza kusema ndiyo. Neno moja, na kioo kingerudi mahali pake kabla ya asri.

"Nikimaliza kula nakwenda kwa Haji Metwali," alisema. "Nilimdanganya mkewe."

"Wewe? Umemdanganya nini?"

"Aliniuliza kama utepe wa Saber ulikauka. Nikamwambia ulikauka."

Abdelghani aliendelea kufuta kidole kidogo, kisha akaacha. Aliitazama leso. Aliinama juu ya picha, akaliona dole la mkwewe ndani ya weusi, na kando yake alama mpya, ndogo, ya mwanamke.  Tafida alimngoja acheke, maana hakuna jambo ambalo mtu huyu hakuwahi kulipatia kicheko. Hakucheka. Aliinyoosha leso polepole, akaikunja mara mbili weusi ukiwa ndani, na hakujua aiweke wapi.

"Ngano ya Ramadhani," alisema.

"Ndiyo."

"Mzee alijua."

"Alijua."

Tangu Safaa azaliwe hakuwahi kumwita mkewe kwa jina lake. Sasa alimwita.

"Basi mimi ni nani, Tafida?"

 Tafida alivuta kiti, akakaa, akafungua chombo cha mulukhiya kwa sababu mikono ilitaka kazi, na mvuke ukapanda kati yao. Juu ya meza, bila kioo, Saber alikuwa anataka kusema neno, na masikio yake nayo yalikuwa mekundu.